Dawa ya Kwenye Mkufu

Leo nimeitwa mchawi mnadani Nkololo, mchana kweupe!

Mnanijua. Naokota mbegu za ukwaju porini, natoboa, natunga mikufu na hereni. Mbegu hizo zinaliwa na wadudu kama mahindi, kwa hiyo kwanza nazitia dawa, halafu naziosha na kuzianika. Basi.

Akaja mama mmoja wa maombi, kitenge safi, Biblia kwapani. Akaugeuza geuza mkufu.

"Binti, mbona hizi haziliwi na wadudu?"

Nami nikamjibu mama huyo kwa fahari: "Nimezitia dawa, mayu."

Mungu wangu! Aliutupa kama kashika nyoka.

"Jamani, huyu ana dawa! Mikufu yake ina dawa!"

Wateja wakarudisha walichoshika. Dada mmoja akavua hereni aliyokuwa anaijaribu, akajifuta sikio. Sikio! Nikapiga kelele kwamba ni dawa ya wadudu, lakini nani anasikiliza?

Jioni nafungasha kwa hasira, nasikia mtu nyuma yangu. Yule yule mama! Biblia kaificha ndani ya kitenge, sauti ya chini:

"Ng'wanone..."

Ona sasa. Mchana mchawi, jioni mwanangu.

"Ile dawa yako, mume akihamia kwa mwanamke mwingine, inamrudisha?"

Nikamjibu kwa ukali: "Mayu, ile inaua wadudu tu!"

Akafikiri kidogo.

"Nipe hivyo hivyo."

Sijampa. Sasa semeni nyie, mchawi hapo ni nani?