Mikorosho kwenye Shamba la Kuazimwa

Asubuhi za Maposeni huja na ukungu mzito, na Swalehe alipenda kulima ndani yake. Ukungu ulificha vilima na nyumba za watu, akajiona yuko kwao, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kabla vita haijachoma kijiji. Alisikia hata kikohozi cha marehemu baba yake nyuma ya mikorosho. Akigeuka, palikuwa na weupe mtupu.

Shamba halikuwa lake. Yeye na mkewe Zuhra walipofika na mtoto wao Abuu, mkeka na sufuria moja, Benigna, mjane ambaye wengi humwita Mama Thadei, ndiye aliyewaazimisha walime mahindi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Swalehe alichukua korosho mbichi alizoletewa na ndugu kutoka Tunduru, akazifukia mstari mmoja pembeni mwa shamba, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alifanya hivyo kama mtu anayetembea usingizini. Zikaota, majani mekundu, laini kama masikio ya sungura.

Zuhra ndiye aliyeshtuka.

"Baba Abuu, umefanya nini? Shamba la kuazima hupandi mti! Ukipanda mti umeshasema ardhi ni yako. Mama wa watu atatufukuza, na twende wapi tena?"

 Swalehe alikwenda kuing'oa miche, akashika wa kwanza, mkono ukagoma. Hapo Benigna akatokea ukunguni, kitenge kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtani, nasikia umenirithi nami sijafa."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa... nilikuwa kwetu."

Benigna aliinama, akagusa jani. "Mkorosho? Maposeni hapa?" Alicheka hadi kitenge kikamdondoka. "Ninyi Wayao! Baridi ya Juni itaimaliza yote hii." Kisha akakiokota. "Ila wanangu wamekasirika. Ng'oa."

Swalehe aling'oa mmoja baada ya mwingine. Ilitoka kirahisi, kama haikuwa imeamua kukaa. Alipomaliza, Benigna alikuwa bado amesimama.

"Kwenu, mikorosho ilikuwa upande gani wa nyumba?"

"Linakozama jua, mama. Jioni kivuli kilifika mlangoni."

Benigna alipanda hadi kona ya juu ya shamba, akavunja vijiti, akavichomeka ardhini pembe nne.

"Huko chini ni mahindi, na ni ya kuazima kama zamani. Hapa jenga. Nitamleta mwenyekiti wa kitongoji na mwanangu Thadei washuhudie kuwa nimewapa. Na upande huo wa jua lako panda mparachichi, huo unaiweza baridi. Tunda la kwanza nakula mimi."

Swalehe alitaka kushukuru. Akajikuta anauliza, "Mama, mparachichi unachukua miaka mingi kuzaa?"

"Mingi. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

 Swalehe alikuwa akitafuta kwa macho, kati ya vijiti vile, mahali pa kuweka mlango.