Kilichokwama Kwenye Mashine ya Sinki

Mashine ile ya kusaga makombo niliipata kwenye kambi ya watalii nilikopika miaka kumi na moja. Walipobadilisha jiko waliniambia nichukue nikitakacho, nami nikaacha masufuria nikabeba dude zito lisilo na kazi kijijini. Fundi akanifungia chini ya sinki, nyumbani kwangu Issenye, na wanawake wenzangu wakaja kushangaa.

"Makombo unailisha mashine, kuku wako wale nini?"

Nikawajibu kwa majivuno kwamba hii inameza hata mfupa, haibakizi alama. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, anacheka.

Miezi michache baadaye mtamba wangu mwenye mimba aliibwa. Ndiye ng'ombe pekee niliyebaki naye tangu mume wangu afariki. Yowe likapigwa. Kwetu ng'ombe akiibwa watu hufuata nyayo, na boma ambalo nyayo zinakomea ndilo linalolipa. Walianza kupekua kwangu na kwa kaka, hadi chooni, isije ikasemwa tunaficha. Kaka akaingia jikoni peke yake mara moja kunywa maji, kisha akatoka kuongoza msafara. Nyayo zikaishia nyuma ya boma la mzee mmoja wa Nyambureti. Mzee aliapa kwamba hajui lolote. Mimi ndiye niliyemwita mwizi kabla ya wote, mbele ya wajukuu wake. Wiki ile ile akaleta ng'ombe wake mmoja, na mimi nikawa nakamua maziwa yake kila asubuhi bila wasiwasi.

Tangu siku ya upekuzi mashine ikawa inanguruma kidogo tu na kuzima. Kaka akanionya nisiiguse.

"Umeme utakuua, dada. Nitakuja niing'oe nikaitupe."

Alisema hivyo zaidi ya mara tatu, nami nikaona ananihurumia. Lakini mimi ni mbishi. Jumamosi moja, yeye akiwa amekwenda Kemambo kwa wakwe wa mwanawe, nilichomoa waya, nikaweka ndoo chini ya bomba, nikajilaza chali. Niliizungusha pete ya juu inayoishikilia kwenye sinki kwa bisibisi, kidogo kidogo, mpaka dude lote likaniangukia kifuani pamoja na maji yanayonuka. Nikalipindua juu ya gunia na kuingiza koleo. Nikavuta kitu cha plastiki, cha njano, kimetafunwa pembeni.

Ilikuwa hereni ya ng'ombe. Ile wanayomvisha sikioni siku ya kusajili mifugo. Namba zilikuwa bado zinasomeka, na namba zile nilizijua kwa kichwa.

Sikuhitaji kuambiwa. Siku ile aliyeingia jikoni kwangu peke yake ni kaka tu. Nilikaa sakafuni nimelowa, nikajiona mjinga kuliko wajinga wote. Afadhali angeniibia mtu wa mbali.

Sijui kwa nini niliirudisha mashine mahali pake. Nadhani mikono ilitaka kazi, isije ikashika panga. Nilipanga debe na kuni mbili chini yake ili ifikie sinki, nikainua. Mara ya kwanza nilisahau mpira wa kuzuia maji, yote yakamwagika hadi sebuleni. Mara ya pili pete haikushika. Nikapumzika, nikatukana, nikaufuta mpira vizuri, nikainua tena na kuzungusha mpaka vishikio vitatu vya pete vikaingia vyote. Nikarudisha waya, nikawasha. Ikazunguka kama mpya, na hapo ndipo nilipolia.

Jioni kaka alisikia mlio wake kutoka uani akaingia.

"Imekubali?"

Nikaiweka hereni mezani. Hakukana hata kidogo. Alikaa, akavua kofia.

"Mahari ya kijana ilipungua mmoja," alisema. "Nilimswaga usiku mpaka karibu na kwa yule mzee, gari la kumpeleka kwa wakwe likatukuta pale. Walipoanza kupekua, hereni ilikuwa mfukoni."

"Na mzee wa watu?"

"Ningekurudishia wako, dada. Usiseme. Watu wataniua. Tumenyonya ziwa moja."

Mke wake alimwoa kwa ng'ombe waliotolewa mahari yangu mimi, nikiwa binti wa miaka kumi na minane. Sikuwahi kumdai hata shukrani. Nilimwangalia nikitafuta aibu usoni mwake, nikakuta woga tu. Nikamwambia atoke.

Alfajiri nilimfungulia ng'ombe wa mzee, nikamswaga mwenyewe hadi Nyambureti. Njiani niliulizwa na watu wawili ninakompeleka, nikawasalimu tu nikapita. Mzee alikuwa uani anafunga mlango wa zizi. Nikampigia magoti.

"Shikamoo baba."

Alimtazama ng'ombe wake, akampapasa nundu.

"Marahaba. Mwizi mmempata?"

"Tumempata."

"Ni wa ukoo gani?"

"Wangu," nikasema.