Mama Komeo

Wataalamu wa mifugo wa kanda ile wanamwita Mama Komeo, na wala si kwa kumsifu. Jina lake ni Pudensiana. Kila mwaka chama chao kinapokutana Mpanda, yeye hutangulia kupita gesti moja baada ya nyingine, mkobani ana bisibisi, makomeo mapya na skrubu alizozifunga kwenye kitambaa. Anaingia chumbani, anafunga mlango, anausukuma kwa bega. Mlango ukilegea, anamwita mwenye gesti. Mwenye gesti akileta maneno mengi, mama anafunga komeo mwenyewe, na mwenye gesti anabaki kusimama pembeni kama mgeni kwenye nyumba yake.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa afisa mifugo maisha yake yote ya kazi, akichanja ng'ombe kutoka Mamba hadi Kibaoni, na pikipiki ikimbwaga kwenye matope ya mashamba ya mpunga kila masika. Alipostaafu, chama kikampa cheo cha kuangalia ustawi wa washiriki. Cheo kizuri kukitamka. Maana yake ni kwamba mtu akiharisha anaitwa yeye, bodaboda akimpoteza mgeni anaitwa yeye, mama mwenye mtoto mchanga akikosa pa kunyonyeshea anaitwa yeye. Wenzake wanakuja kusikiliza mada. Yeye hajawahi kusikiliza hata moja hadi mwisho. Sasa magoti yanamuuma akipanda ngazi na hata akishuka. Mwaka huu alikuwa ameshamwambia Fredrick, mwenyekiti, kwamba mkutano ukiisha na yeye amemaliza, wamtafute mwingine mwenye miguu.

Siku ya ufunguzi washiriki walijitambulisha mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Nyanzala, binti wa Kisukuma anayefanya kazi Kasansa, akasema huo ndio mkutano wake wa kwanza na kwamba kesho yake angezungumza kuhusu ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, na majosho ya kuogeshea ng'ombe yaliyokauka. Kabla hajakaa, Amedeus akasimama. Huyu ni makamu mwenyekiti, Mfipa wa Sumbawanga, mtu anayependwa kwa maneno yake. Akautangazia ukumbi kwamba mke wake amefika hatimaye, wampishe akae naye. Watu wa huko hawakushangaa. Wafipa na Wasukuma wanataniana, na mtani ana ruhusa ya kukuita mke, mwizi au maiti, nawe huna ruhusa ya kununa. Nyanzala naye hakulaza damu. Alimjibu kwamba kwao mwanamume asiye na hata ndama haitwi mume, anaitwa jirani. Ukumbi ukavunjika mbavu. Pudensiana, ambaye naye ni Mfipa, alicheka pale mlangoni hadi akajifuta machozi, na kicheko hicho kilikuja kumkaa rohoni vibaya.

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni akihakikisha chai ya wenye kisukari imetengwa, Nyanzala akatokea na begi mgongoni. Alipiga goti akaamkia kama walivyomlea kwao, kisha akaomba atafutiwe bodaboda wa kumpeleka stendi. Pudensiana akamuuliza mada yake ataisoma nani. Binti alipovutwa pembeni na kupewa kiti, ndipo akaeleza kidogo kidogo. Usiku wa jana yake Amedeus alimgongea mlango, akasema mume amemfuata mkewe. Nyanzala akacheka akiwa ndani, akamwambia aende akalale. Hakuenda. Akalitikisa komeo, akausukuma mlango, akasema maneno ambayo binti aliyarudia akiangalia sakafu. Alipochoka kusukuma akamwambia asiwe mshamba, huo ni utani tu.

"Komeo lilishika, mama," Nyanzala akasema. "Ila nilikaa chini nimeegemea mlango mpaka kukakucha. Na ukumbini mimi nilimjibu, nyie wote mlisikia. Watasema nilimkaribisha."

Pudensiana aliufahamu uchovu uliomshuka pale. Haukuwa wa magoti. Alikuwa amewaona wanawake wengine wakiondoka hivyohivyo, begi mgongoni, udhuru mdomoni, na mwaka unaofuata jina halipo na hakuna anayeuliza. Binti huyu akipanda basi, chama kimempoteza, na kule Kasansa atafanya kazi peke yake kama mtu asiye na wenzake. Alimwomba jambo moja tu: anywe chai, asiondoke kabla hajarudi.

Fredrick alikuwa ukumbini akipanga vipaza sauti. Alimsikiliza akijikuna kichwa, kisha akasema kile ambacho Pudensiana alijua atakisema. Mzee Amedeus ana utani, kila mtu anamjua. Binti mwenyewe alimjibu mbele za watu. Kumgusa makamu katikati ya mkutano ni kuaibisha chama, afadhali wafunge kwanza ndipo waongee taratibu, kikubwa.

Pudensiana akakaa, kwa kuwa kusimama kulimshinda.

"Nilipomzika mume wangu Cletus," akasema, "watani wangu Wasukuma walimwibia marehemu viatu kaburini, wakataka nivikomboe ndipo wafukie. Nililia huku nacheka. Walifanya hivyo saa nane mchana, Fredrick, kijiji kizima kikiona. Mtani hafanyi mambo yake gizani. Sasa mwite huyo mzee aje hapa ukumbini, wote wakiwepo, arudie aliyoyasema kule mlangoni. Tukicheka, mimi nitamwomba radhi."

Fredrick akasema hilo haliwezekani. Pudensiana akasema basi na yeye hawezi kukaa kimya. Angepita meza kwa meza asubuhi ileile awaambie wanawake wote kwamba makomeo aliyofunga ni ya kuwazuia wezi tu, makamu mwenyekiti hayamhusu. Hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kupandisha sauti, na labda ndiyo maana Fredrick alimwamini.

Amedeus aliitwa. Alianza kwa kucheka, akamwita Pudensiana dada yake, mtu wa nyumbani, akamuuliza tangu lini Mfipa akawa polisi wa utani. Pudensiana akamwambia alichokitaka: arudie maneno ya mlangoni mbele za watu. Kicheko kikamwishia. Alimtazama Fredrick, Fredrick akawa anatazama nyaya za vipaza sauti. Amedeus akachagua kuondoka. Kabla ya adhuhuri Pudensiana alimsindikiza hadi stendi, akasubiri kwenye jua mpaka basi la Sumbawanga likaondoka naye.

Ungedhani jambo limekwisha vizuri. Fredrick alitangaza kwamba makamu amepata udhuru wa kifamilia, na ukumbi ukampigia makofi ya kumtakia safari njema. Nyanzala, aliyekubali kubaki, alikuwa amekaa safu ya mbele, karatasi zake mapajani, akiyasikia makofi hayo. Kisha akaitwa, akasoma mada yake bila kuinua macho. Ilikuwa mada nzuri. Kwa mara ya kwanza Pudensiana aliisikiliza mada hadi mwisho, amesimama ukutani ili binti akiinua kichwa amwone.

Lakini habari haina miguu na bado inafika. Wakati wa chakula cha mchana meza ya Nyanzala ilikuwa ya heshima tupu. Shikamoo, marahaba, nipitishie chumvi. Hakuna Mfipa aliyemtania, na kwa watu wale kunyimwa utani ni kutolewa nje ya nyumba. Mmoja alisikika akisema siku hizi bora mtu akae na simu yake tu. Pudensiana alimsikia, akaendelea kugawa maji.

Jioni alimchukua binti nyumbani kwake Makanyagio. Ni nyumba ndogo yenye mlango wa mninga na komeo la chuma ambalo marehemu Cletus alimchongeshea kwa fundi wa vyuma, zito, la kushika hata lori. Walikula wali na maharage wakiongea habari za ng'ombe. Nyanzala aliuliza mara moja kama yule mtu kweli ameondoka. Pudensiana akamwambia alimwona kwa macho yake akipanda, na basi likapotea barabarani. Binti akaitikia, akashukuru, akasema yuko sawa. Akatandikiwa godoro sebuleni.

Alfajiri Pudensiana aliamka kuwahi chai ya washiriki. Alichukua mkoba wake, akatoka chumbani kwa kunyata ili asimwamshe mgeni. Godoro lilikuwa tupu. Komeo la Cletus lilikuwa limefungwa hadi mwisho. Na nyuma ya mlango, meza ya kulia chakula ilikuwa imesogezwa ikaegemezwa pale, juu yake vimepangwa viti, na chini yake, miguu ikigusa ubao wa mlango, Nyanzala alikuwa amelala usingizi mzito wa mtu aliyekosa usingizi tangu juzi.

Pudensiana alisimama na mkoba wake begani. Mkobani mlikuwa na bisibisi, na hapakuwa na kitu cha kukaza. Simu ikaanza kutetemeka. Ni Fredrick, bila shaka anauliza chai iko wapi. Akaizima. Kisha akashuka taratibu, goti moja kwanza na lingine baadaye, akakaa sakafuni kando ya meza, akasubiri binti aamke mwenyewe.