Noela na Kompyuta za Kukodi

Binti yangu Noela hana cheo kikubwa. Anatunza kompyuta katika maabara ya kupima mawe ya dhahabu hapa Kahama. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe, yanasagwa na kupimwa, kisha kila mmoja anafungua simu yake na kuona yana dhahabu kiasi gani. Asiyepata jibu hajui kama aendelee kuchimba au ahame, ndiyo maana watu wale hawana subira.

Zamani majibu yote yalikaa kwenye kompyuta moja kubwa, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Siku za kawaida ilitosha. Lakini ikitokea rashi, yaani dhahabu ikionekana mahali papya na maelfu ya watu wakahamia porini ndani ya wiki moja, wote walifungua simu kwa pamoja na kompyuta ikaganda. Wateja wakaanza kupeleka mawe yao Geita.

Mwenye maabara, Mzee Hatibu, akaamua kununua kompyuta kubwa mara tatu ya ile. Noela akamwambia asinunue. Alinisimulia tukiwa tunachambua mchele, nami nikaweka ungo chini. Una kazi ya mshahara, halafu unambishia tajiri?

"Nilimpa mfano wako, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Mfano gani tena?"

"Wa masufuria."

Nimepika chakula kwenye rashi nne, na sijawahi kununua masufuria ya kulisha watu mia mbili. Nayakodi kwa Mwanne, mwenye vyombo vya harusi. Watu wakizidi naongeza, wakihama nayasugua na kuyarudisha. Wenzangu walionunua, leo kuku wanatagia humo.

Noela alimweleza Mzee Hatibu kwamba siku hizi hata kompyuta zinakodishwa hivyo. Kuna kampuni zenye majengo yaliyojaa kompyuta huko mbali, unazitumia kwa mtandao na kulipia muda uliotumia tu. Ukitaka kumi unazipata kabla chai haijapoa, ukimaliza unaziachia. Ikiharibika moja, ni shida yao.

Mzee Hatibu akasema, "Haya. Lakini rashi ijayo wateja wakiondoka, na wewe utaondoka nao."

Tangu siku hiyo nikawa naomba rashi isije.

Rashi ikaja mwezi wa saba, porini upande wa Ushetu. Siku ya tatu nilipeleka ugali maabara ili nijionee mwenyewe. Foleni ya watu na viroba ilikuwa imefika barabarani. Nikachungulia kile chumba chenye kiyoyozi: kompyuta haipo, wamejaza viroba vya mawe. Mara umeme ukakatika.

Jenereta ikawashwa, lakini iliweza mashine za kupimia tu. Noela alikuwa amekaa kwenye benchi, kompyuta ndogo mapajani, mtandao anautoa kwenye simu yake.

"Za kukodi zilikuwa mbili," alisema bila kuinua macho. "Naziongeza ziwe kumi na nne."

"Na umeme?"

"Huko ziliko haujakatika, mayu."

Sikuamini, nikatoka nje kusikiliza. Bujiku, mchimbaji niliyemlisha kwenye rashi mbili, alikuwa ameegemea pikipiki anatazama simu.

"Imeganda?" nikamuuliza.

"Shikamoo, Mama Noela. Imefunguka." Akamgeukia mwenzake. "Duara letu tuliache. Mawe matupu."

"Si ulisema umeliota lina dhahabu?"

"Niliota la kwako."

Walicheka, maana duara ni shimo la kuchimbia, na lile wangeweza kulichimba mwezi mzima bure. Nilikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni. Sikuona hata mtu mmoja akiondoa kiroba chake kukipeleka Geita.

Rashi ilikwisha baada ya wiki tano. Nilikuwa uani nasugua masufuria ya Mwanne, Noela yuko pembeni yangu anaziachia zile kompyuta moja moja mpaka zikabaki mbili, Mzee Hatibu alipoingia.

"Mama Noela, nafungua maabara ya pili, Geita," alisema. "Sinunui kompyuta kubwa. Noela atasimamia kompyuta za maabara zote mbili."

"Karibu kiti, mzee," nikasema, nikifuta mikono.

Mwanne sijamwambia kwamba masufuria yake yametolewa mfano kwa tajiri. Atapandisha bei.