Nilimsuka Mtoto wa Kaka kwa Mkonge Mbichi

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala sisemi ni kudura, ingawa watu wa kwetu ndivyo wanavyosema ili kunifariji. Mikono hii ninayoandikia ndiyo iliyofanya, na mdomo wangu ndio uliozidisha.

Bwana mwenye gazeti, nakuomba usilitaje jina langu. Mimi ni msichana wa Kwamndolwa, karibu na Korogwe. Kusoma nilifundishwa milimani kwa mjomba wangu, katika shule ya misheni, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Kusema mbele za watu siwezi. Nikiulizwa jambo natazama chini. Lakini kusuka najua. Tangu mdogo wanawake walikuwa wakinikalia miguuni niwasuke, wakanisifu, nami sikulazimika kufungua kinywa.

Kaka yangu alikuwa kwenye kazi ya reli, mbali. Mkewe, wifi yangu, alibaki nyumbani pamoja nami na mtoto wao mmoja tu, Mwajuma. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajua kusema. Badala ya shangazi aliniita "Tangazi".

Nywele zake zilikuwa chache na laini kama manyoya ya kifaranga. Ukizishika zinateleza. Kila asubuhi nilimpaka mafuta ya nyonyo, nikazichambua kwa vidole, maana kitana kilimliza. Nywele za namna ile hazitaki kitu ila mafuta na subira. Nilijua! Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Nilijua.

Siku moja tulikuwa kisimani. Jirani yetu Mama Sefu, ambaye binti yake ana nywele nene kama kichaka, akamtazama Mwajuma mgongoni kwa mama yake.

"Shangazi mtu," akaniambia mimi, "huyu mtoto mmemnyoa au mmemnyonyoa?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikatazama ndoo.

"Idd baba yake akija," akaendelea, "atadhani mmemwekea yai la kanga!"

Wifi akajibu, "Afadhali yai la kanga, Mama Sefu, kuliko yai viza."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Mama Sefu. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nilimwona wifi akifuta macho kwa upindo wa nguo. Mumewe hakuwa amemwona mtoto tangu alipokuwa wa kubebwa kifuani. Wifi alitaka mumewe aje amkute mzuri, basi.

Moyoni nikasema, nitamsuka mtoto huyu mpaka Mama Sefu afumbe mdomo.

Nilikuwa na rafiki ambaye baba yake hukata mkonge katika shamba la Mzungu. Nywele zake zilikuwa zimerefuka ghafla. Nikamwuliza zimeota lini.

"Zimeota wapi! Nusu yangu, nusu ya Mzungu," akasema akicheka. "Ni nyuzi za mkonge. Unazipaka masizi na mafuta, hata mama yako hatambui. Ila zioshe mtoni, uzioshe tena, uzianike mpaka zikauke kama nyasi. Zikiwa mbichi zinawasha sana. Hujaiona mikono ya baba?"

Nilikuwa nimeiona. Ngozi ilibanduka katikati ya vidole kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Idd ilikuwa keshokutwa. Nikaenda shambani kwa Mzungu, nyuma ya mashine ya kuchambulia mkonge, kwenye lundo la mabaki, nikaokota nyuzi mbichi bado zinanuka utomvu wa kijani, nikazificha ndani ya nguo. Aliyekamatwa hata na kipande cha kamba alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Siku iliyofuata ilinyesha mvua. Jua la kuanikia halikutoka. Jamani, ningeweza kuacha! Nilizisuuza mara moja kwenye kibuyu, nikazipaka masizi, nikamweka mtoto katikati ya magoti yangu.

Nywele zake zilikuwa ndogo mno kushika nyuzi. Basi nikavuta. Nikavuta mpaka ngozi ya paji ikanyanyuka. Mwajuma akalia, nikampa muwa atafune. Nilipomaliza, mikia ilimfika mabegani, myeusi, inang'aa. Wifi alipiga vigelegele peke yake mle ndani.

"Umezitoa wapi?" akaniuliza.

"Ni uzi wa duka la Mhindi," nikasema. "Mjomba alinipa."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Kaka akaja. Akambeba binti yake begani, akapita naye mbele ya nyumba ya Mama Sefu mara mbili, na mara zote mbili Mama Sefu alikuwa mlangoni. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi sana!

Mtoto peke yake ndiye hakufurahi. Alijikuna. Alisugua kichwa kwenye mhimili wa mlango kama mbuzi. Alinijia akanishika mkono, akauweka kichwani pake, akasema, "Tangazi, moto. Toa."

Nikampaka mafuta.

Kaka akarudi kazini. Baada ya hapo homa ikamwingia mtoto. Wakamwita mwalimu wa Kurani akamsomea. Wakampa majani, wakamfukiza. Kila mtu alimshika tumbo, akamshika kifua, na hakuna aliyefikiria kichwa, kwa kuwa kichwa ndicho kilichopendeza. Lakini mimi nilikuwa nimeona maji ya manjano nyuma ya sikio. Nilisikia harufu chini ya mafuta. Nilifuta, nikapaka tena.

Wifi akasema, "Nadhani nimfumue, apate hewa."

Ole wangu! Mimi nisiyejua kusema mbele za watu, siku hiyo nilisema, tena kwa sauti.

"Usimfumue wifi! Nywele zake laini, zitakatika zote. Ngoja homa ipungue kwanza."

Niliogopa waone mkonge. Niliogopa mnyapara wa shamba, niliogopa fimbo, niliogopa kicheko cha kisimani. Wifi akaniamini, maana katika mambo ya nywele mimi ndiye niliyekuwa mjuzi.

Mwajuma alifariki asubuhi, mama yake akimpepea.

Bibi mmoja wa mtaa wetu, Bibi Mwantumu, ndiye anayeosha maiti za wanawake na watoto. Alimtoa mama yake nje, akaniita mimi.

"Wewe uliyemsuka," akasema, "njoo umfumue."

Nilifumua. Mkia wa kwanza ulitoka wote mkononi mwangu pamoja na ngozi. Chini palikuwa pabichi, panatoa usaha, mstari kwa mstari kama nilivyosuka. Bibi akachukua uzi mmoja, akaufuta masizi kwa kidole mpaka ukawa mweupe. Akautazama.

Akaosha. Kisha akakusanya nywele za Mwajuma, zile zake mwenyewe, na hazikujaza kiganja. Kwa desturi yetu hugawanywa mafungu matatu, zikasukwa. Hazikutosha hata fungu moja. Akaziweka ndani ya sanda.

Nyuzi za mkonge akazikunja, akanipa.

"Hizi si zake," akasema. "Haziingii kaburini. Mwenye nazo achukue."

"Bibi, usimwambie wifi."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Sikumwambia. Nilikaa naye nyumba moja, nikila chakula chake. Aliniomba nimsuke, nikamsuka, machozi yakidondoka kwenye utosi wake; akadhani ni huzuni tu, akanibembeleza yeye! Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi!

Jana, nilipoanza kuandika habari hii, nikaona haya ya kuwaambia watu nisiowajua kabla ya kumwambia yeye. Nikaenda jikoni na zile nyuzi. Nikamweleza yote nikiwa nimetazama chini.

Nilingoja anipige. Akachochea moto. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa akituambia. Usiku aliniambia, mama, toa. Nami nikamwambia, nyamaza mwanangu, usiharibu, baba yako amekusifu."

Akaingia ndani. Leo alfajiri amenyoa kichwa chake kwa wembe, amefunga mzigo, amerudi kwao Handeni. Hakuniaga. Kaka bado hajui kilichomwua mwanawe. Sijui nitamwambia kwa mdomo gani, lakini nitamwambia.

Enyi mnaosuka watoto, shikeni haya, maana mimi nimeyanunua ghali. Nywele za mtoto zikiwa chache, ndizo alizopewa. Mwacheni nazo zikue. Msivute. Msimtie kichwani kitu ambacho hamuwezi kukitaja mbele ya mama yake.

Na mtoto akiushika mkono wako, akauweka kichwani pake, akakuambia "Toa", basi toa. Usipake mafuta.