Rangi ya Mabati Kwenye Rimu za Baba

"Nani alipaka uchafu huu?" fundi pikipiki mmoja wa Same aliniuliza, akikwaruza kwa kucha rimu ya pikipiki ya marehemu baba.

"Baba mwenyewe," nilijibu kwa aibu. Miaka ya uhaba alizipaka rimu zote rangi ya fedha ya mabati, kwa brashi. Siku hizi maduka yamejaa, nami nilikuwa nimekuja na rimu mpya.

Fundi alisugua kwa kitambaa chenye thina ya kuondolea rangi. Ikatokea kromu ya kiwandani, haina hata doa la kutu. Akavua kofia.

"Dada, mzee alipaka ili kutu isiingie; alikuwekea. Hizo mpya ulizoleta zinang'aa tu kama sufuria ya harusi."

Zile mpya nilizirudisha dukani. Muuzaji akauliza zina kasoro gani. Nikamwambia hazina, ila baba alishanitunzia za kwake.