Talaka ya Mzaha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya upande wa Garsen, nilivaa viatu vyeupe. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na maji ya mto yalikuwa yamerudi mtoni lakini matope yalibaki. Muuguzi Mkuu alinitazama miguuni akasema, "Karibu, bibi harusi," kisha akanipeleka kwenye mizani.

Nyinyi mnaoingia kazini leo hamkuiona mizani ile. Mtoto alivalishwa kaptura ya turubai, akaning'inizwa kwenye ndoano, nasi tukatia nukta kwenye kadi. Nukta zikipanda, mtoto anakua. Zikilala, tunauliza habari za chakula. Tabia ya mtoto haikuwa na mahali kwenye kadi. Mama akilalamika kwamba mwanawe ni mkorofi, mimi nilikuwa na majibu mawili tu. La kwanza ni methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. La pili ni chupa ya dawa ya maji ya mafua, ile inayoleta usingizi.

Jumatatu moja alikuja Hadija wa Kulesa, kichanga mgongoni, na bintiye Mwanahawa, wa miaka miwili na nusu, akimvuta mkono. Shavu la kichanga lilikuwa na alama za meno.

"Sista, huyu ashanishinda," alisema. "Amuuma mdogo wake, aniuma mimi, jana kauma mbuzi. Na alikuwa mpole, wallahi. Mama mkwe asema Jumamosi apelekwe Hola kwa shangazi yake, akae huko mpaka apate akili."

Aliushika mkono wa bintiye kwa nguvu. Hakutaka mtoto aende. Nami, mjuzi wa miezi miwili, nikampa methali, kisha chupa.

Alhamisi alirudi kunishukuru. Mwanahawa alikuwa ametulia kweli, kichwa begani kwa mama, mate yakimtiririka. Afisa Tabibu, mtu mfupi tuliyemwita Daktari, alikuwa akipita. Alisimama, akamwinua mtoto kope kwa kidole gumba.

"Ana mafua?"

"Hapana, Daktari."

"Sasa umemtibu mtoto, au umetibu kelele?"

Mbele ya benchi zima la akina mama! Nilimchukia wiki nzima, na alikuwa amesema kweli. Alichukua chupa, akaketi na Hadija, akamwuliza habari za nyumbani polepole kama mtu asiye na foleni. Kisha akanigeukia.

"Kesho nenda kwao. Usihubiri. Kaa utazame. Mtoto ambaye maneno hayajamtosha husema kwa meno. Wewe tafuta anasema nini."

Ijumaa nilikaa mkekani kwa Hadija, tukichambua mboga. Mwanahawa alichezea kifuu na mchanga, hakumgusa mtu, hata nikaona nimepoteza siku. Alasiri babu yake, Mzee Jilo, akarudi kutoka kwenye migomba yake. Utani wa babu na mjukuu wa kike mnaujua: huyo ni mkewe. Mwanahawa alikuwa mke tangu alipozaliwa, akila sahani moja na mzee. Mzee akampakata kichanga, akamwambia Mwanahawa kwa sauti kubwa:

"Wewe nimekuacha! Mke wangu ni huyu mpya. Funga vitu vyako, nenda kwenu!"

Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ni utani niliolelewa nao. Mwanahawa hakucheka. Alimtazama mzee, akamtazama mama yake anayecheka, kisha akaenda moja kwa moja akamuuma kichanga mguuni.

"Umeona?" akasema Hadija, karibu kulia.

Niliona. Nikaona pia kwamba kesho yake vitu vya mtoto yule vingefungwa kweli.

Kumwambia mzee wa watu aache utani si kazi ndogo kwa msichana wa kupima kilo.

"Mzee, uniwie radhi. Huyu hajui kama unatania."

"Hajui vipi? Namtania tangu azaliwe."

"Alikuwa hajui maneno, mzee. Sasa maneno anayajua, mzaha bado. Na kesho anapelekwa Hola."

Mzee Jilo akamrudishia Hadija kichanga. Akamwita mama mkwe wa Hadija, akamwita mwanawe, baba wa watoto, maana mke aliyeachwa hurejewa mbele ya mashahidi. Kisha akachuchumaa.

"Mwanahawa, nimekurejea. Mke wangu ni wewe. Huyu ni mdogo wako. Huendi popote."

Nilidhani mtoto angemkimbilia. Hakumkimbilia. Alisimama pale pale na kifuu chake, na chakula kilipoletwa ndipo akaja, akakaa ukingoni mwa sahani, akimwangalia mzee usoni kila tonge.

Jumamosi hakuna aliyesafiri. Daktari alimfundisha Hadija kwamba kichanga akilala, saa ile ni ya Mwanahawa peke yake. Aliuma tena mara mbili tatu, kisha akaacha.

Baadaye nilihamishiwa Hola, nikawa Muuguzi Mkuu, nikastaafu. Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na ulimi huniwasha kwa utani ule ule kila mjukuu mpya anapozaliwa. Lakini Mwanahawa hanisumbui, yeye alisikilizwa. Wanaonisumbua ni wale wa kabla yake, niliowapa chupa. Walinyamaza, mama zao wakanishukuru, wakaenda zao. Sitajua kamwe walikuwa wakisema nini.